Moshi na Divai Katika Glasi Moja

Jumatatu ile Nasieku aliuacha uji uungue makusudi.

Alikuwa amepika katika nyumba ya Bwana Rankini kwa miaka kumi na mmoja, pale shambani kati ya Tengeru na Maji ya Chai, na alimjua mtu yule kupitia sahani zake. Bwana Rankini alikuwa Mskoti mrefu, mjane, mwenye masikio makubwa. Alilima kahawa, lakini sifa yake ilikuwa pua. Walowezi wenzake walimletea kahawa zao zimekorogwa katika vikombe, naye anainama, ananusa, anavuta funda moja kwa kelele, anatema, halafu anasema: hii ililala kwenye maji siku moja zaidi, ile ilianikwa juu ya udongo. Hakuwa akikosea. Mtu wa namna hiyo ukimpa uji ulioungua, ataurudisha jikoni kabla kijiko hakijagusa bakuli.

Jumatatu ile aliula wote, akafuta mdomo, akasema asante.

Nasieku alirudi jikoni na bakuli tupu, akakaa juu ya kigoda. Sasa alikuwa na hakika. Tangu mwezi wa nne, Bwana alipoteleza kwenye ngazi ya ghala akapiga kisogo kwenye saruji, kitu fulani hakikuwa sawa. Jeraha lilipona, akawa anatembea shamba zima kama zamani. Lakini majirani wakija na vikombe aliwaambia ana mafua. Mafua ya miezi mitano.

Bwana alipoingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, Nasieku alimwambia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Bwana, huna pua tena."

Masikio yake makubwa yaliwiva. Alinywa maji, akaitua glasi polepole.

"Nani anajua?"

"Mimi na sufuria."

"Basi iwe hivyo," alisema. Alifika mlangoni, akarudi. "Uliniunguzia uji?"

"Nilitaka kujua ninampikia nani."

Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia. Hawakulizungumza tena mpaka Jumatano.

Jumatano lori lilirudi kutoka Arusha na barua, na kisanduku cha mbao kilichojaa majani makavu. Ndani ya majani mlikuwa na chupa isiyo na karatasi yoyote, imeandikwa namba tu. Bwana Rankini aliiweka juu ya meza ya barazani, akakaa mbele yake kutwa nzima. Nasieku alipomletea chai saa kumi, chai ya saa nne ilikuwa bado ipo, imefanya utando. Chupa ilikuwa imefunguliwa. Kulikuwa na glasi yenye kinywaji kidogo, rangi ya asali ya nyuki wadogo, tena yenye wekundu ndani yake. Bwana aliiinua, akaitia pua, akavuta pumzi, akaishusha. Akaiinua tena.

Nasieku alizaliwa kwa Waarusha, upande wa magharibi wa mlima, katika boma lenye ng'ombe, kabla ya kuolewa huku kwa Wameru. Aliwahi kuona ng'ombe aliyefiwa na ndama akiletewa ngozi ya yule ndama ili akubali kukamuliwa. Ng'ombe ananusa, anainua kichwa, ananusa tena. Bwana Rankini alikuwa hivyo hivyo, na Nasieku hakupenda kumwona.

"Chai hii nayo itapoa," alisema.

"Kaa, Nasieku."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuambiwa akae barazani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

Bwana alimweleza. Kaka yake mkubwa alibaki kwao, katika kisiwa cha baridi na upepo, na alikuwa akitengeneza wiski. Si ile ya madukani iliyochanganywa kutoka huku na huku. Hii ilikuwa ya nyumba moja, ya kimea cha shayiri peke yake. Nasieku alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kimea alikijua, kwani mama mkwe wake alikuwa akiotesha ulezi kwa ajili ya pombe ya ndizi. Kule kisiwani hakuna miti, Bwana aliendelea, kwa hiyo watu huchimba udongo mweusi wa kinamasi, wanaukausha, wanauwasha kama kuni, na kimea kinakaushwa juu ya moshi wake. Halafu kinywaji kinalazwa kwenye mapipa kwa miaka. Hiki kililazwa miaka minane katika pipa la kawaida, kisha kaka yake akakihamishia katika mapipa yaliyokuwa na divai nyekundu ya Ureno. Watu wote walimwambia ataharibu. Kilikaa humo miaka mitatu.

"Na ameharibu?" Nasieku aliuliza.

"Ndicho anachotaka kujua." Bwana aligusa barua. "Anaumwa. Daktari amempa mwezi, labda miwili. Anaandika kwamba kila anayeonja anamsifu kwa sababu anamwonea huruma. Anasema, wewe hukuwahi kunisifu bure hata tulipokuwa watoto, onja uniambie. Hajui habari ya pua yangu. Sitaki kumwandikia hiyo sasa."

"Mwandikie ni nzuri."

"Atajua ni uongo. Nikisema nzuri bila kusema nzuri namna gani, atajua nimemwonea huruma kama wengine."

"Waite majirani zako waonje."

"Hao wangesifu hata mafuta ya taa, mradi yamo kwenye chupa. Na kesho yake Arusha nzima ingejua." Alimtazama. "Wewe uliniambia mbele ya mgeni kwamba koti langu linanuka beberu."

"Lilikuwa linanuka."

"Ndiyo. Kwa hiyo nakuomba wewe."

Nasieku alisimama. Alijua sheria kama kila mtu alivyoijua: Mwafrika haruhusiwi kunywa kinywaji kikali cha Wazungu, na Mzungu haruhusiwi kumpa. Lakini sheria ya serikali haikuwa ndiyo iliyomsimamisha. Jumapili ile binti yake Lydia alikuwa anapata kipaimara. Katika usharika wao wazazi wa watoto wa kipaimara walikuwa wameweka ahadi mbele ya Mchungaji kwamba hawatagusa kileo chochote tangu mafundisho yaanze mpaka siku yenyewe. Na siku yenyewe mzazi husimama nyuma ya mtoto wake, mkono begani, wakati mtoto anajibu maswali. Baba yake Lydia alikuwa amekufa kwa homa miaka sita iliyopita. Mkono ulikuwa mmoja tu.

"Siwezi," alisema. "Nina ahadi mpaka Jumapili. Nitaonja Jumatatu."

"Lori linakwenda posta Ijumaa. Lingine ni baada ya wiki mbili."

"Basi siwezi."

Bwana Rankini hakumbembeleza. Alisema asante, akachukua glasi, akaitia pua tena.

Usiku Nasieku alilala vizuri, maana kukataa kulikuwa sawa. Asubuhi ya Alhamisi alimkuta Bwana pale pale, amenyoa ndevu, ana karatasi mbele yake, na juu ya karatasi kuna vitu viwili tu: jina la kaka yake na mkato. Kapu la taka lilikuwa limejaa karatasi zilizokunjwa. Nasieku aliweka yai mezani. Akaenda jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Akaiosha tena. Halafu akatoka, akavuta kiti, safari hii akakaa katikati.

"Lete," alisema. "Na uandike haraka, nina mkate jikoni."

Kwanza alinusa, kama alivyomwona Bwana akinusa kahawa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Nini?" Bwana alikuwa ameshika kalamu.

"Subiri." Alinusa tena. "Hiki ni kibuyu cha mama yangu."

"Niandike kibuyu?"

"Andika. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Unachukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, unakiwasha kwenye ncha, ukishapata kaa jekundu unakiingiza ndani ya kibuyu, unasugua mpaka kinatoa moshi mdomoni. Unakung'uta majivu, ndipo unatia maziwa. Maziwa yanakaa siku nyingi na yanakuwa na moshi. Moshi safi, siyo wa sufuria iliyoungua. Mtu wa huku Meru akinusa atasema kimeharibika. Mimi nasema kimesafishwa."

Kalamu ilikimbia. Nasieku alitia ncha ya ulimi, kisha akachukua kiasi cha kijiko. Machozi yalimtoka, akapiga meza kwa kiganja, lakini hakutema.

"Moto," alisema alipoweza. "Halafu chumvi, kama magadi. Halafu..."

Bwana Rankini alimngoja kalamu ikiwa hewani.

Divai alikuwa akiionja mahali pamoja tu duniani, mara nne kwa mwaka, amepiga magoti, kikombe kikiwa mikononi mwa Mchungaji. Hakutegemea kuikuta hapa, barazani kwa Mzungu, siku ya Alhamisi. Lakini ilikuwa yenyewe: utamu ule mdogo, halafu ulimi unakauka, halafu kitu chekundu kinabaki nyuma ya meno.

"Divai ipo," alisema kwa sauti ndogo. "Naijua. Lakini haijapatana na moshi. Wanakaa nyumba moja, hawasemezani. Moshi unaingia kwanza unapiga mlango, divai inakuja nyuma imenuna. Na mwisho kuna uchungu kama umetafuna ubao."

"Tia maji kidogo," Bwana alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Matone tu."

Alitia kwa kijiko cha chai. Alingoja kidogo, akachukua kiasi cha kijiko cha pili. Safari hii alifumba macho.

"Ah. Sasa wamesalimiana." Alitafuta maneno. "Divai imekaa ndani ya moshi kama maziwa ndani ya kibuyu. Uchungu upo, lakini umekwenda mbali. Mwambie huo uchungu asiufiche, ndio unaofanya mtu akumbuke alichokunywa."

"Ni nzuri?"

"Mimi si mnywaji, Bwana. Lakini mwambie hivi: aliyetengeneza hiki hakuwa na haraka."

Bwana Rankini aliandika hayo, akaendelea kuandika kurasa mbili bila kuinua uso. Mkate uliungua kidogo upande mmoja. Hakuna aliyelalamika.

Jioni Nasieku alifika nyumbani kwake akamkuta Lydia anamenya ndizi. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano, mwenye uso mkali kama wa mama yake, na alikuwa amejifunza katekisimo yote mpaka akawa anawasahihisha wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Lydia aliinua pua. "Mama, unanuka kibuyu. Ulikuwa unafukiza vibuyu kwa Mzungu?"

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguka wazi kabisa. Hakuna mtu katika usharika mzima ambaye angenusa ule moshi akafikiri jambo lingine. Nasieku hakuwa amelifikiria hilo, lakini lilikuja lenyewe mkononi.

"Ndiyo," alisema.

Neno moja tu. Lydia aliendelea kumenya ndizi, akimsomea mama yake amri ya nane na maelezo yake, ile ya kutosema uongo, kwa sababu ndiyo aliyoogopa kuulizwa Jumapili. Aliisoma bila kukosea. Nasieku alikaa pale akisikiliza na kutikisa kichwa, na usiku ule hakulala vizuri.

Kulikuwa na jambo jingine. Ahadi ile ya wazazi haikutoka kwa Mchungaji. Mwaka uliopita jirani yake aitwaye Anande alikuja kwenye kipaimara cha mwanawe akiwa amechangamka kwa pombe ya ndizi, akaimba ubeti mmoja zaidi baada ya kwaya kumaliza. Nasieku ndiye aliyesimama katika mkutano wa kina mama akasema iwekwe ahadi, na atakayeivunja akakae benchi la nyuma bila Meza ya Bwana. Mtu mmoja akauliza, je akigusa kidogo tu? Nasieku akajibu kwamba kugusa ni kugusa. Anande alikaa benchi la nyuma miezi mitatu.

Ijumaa, lori lilipokwisha kupita na barua, Nasieku alipanda njia ya kwa Mchungaji Nathanaeli. Alimkuta kwenye migomba yake, hana viatu, jembe mkononi, anahamisha machipukizi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Mama Lydia. Binti yuko tayari?"

"Yuko tayari. Mimi ndiye siko tayari. Nimevunja ahadi."

Mchungaji aliegemea jembe. Nasieku alimweleza yote, kuanzia uji mpaka matone ya maji. Mchungaji alisikiliza, na Nasieku alipofika kwenye divai, yeye alitazama chini.

"Vijiko viwili," alisema.

"Viwili."

"Na binti anafikiri ni vibuyu."

"Ndivyo nilivyomwambia. Hicho ndicho kilichonileta. Wiski ningeweza kuibeba mpaka Jumapili, lakini lile neno siwezi kulibeba nikiwa nimemwekea mkono begani."

Mchungaji alipanda chipukizi moja, akalikanyagia udongo kwa kisigino.

"Huyo kaka yake ataipata barua?"

"Ikipanda ndege Nairobi, labda."

"Ulifanya vibaya?"

"Sijui. Nadhani hapana. Lakini niliahidi."

"Na mimi nadhani hapana," alisema Mchungaji. "Lakini nikikuacha usimame mbele, Anande ataniuliza yeye alikosa nini zaidi. Nami nitamjibu nini?"

"Sikuja kuomba kuachwa, Mchungaji. Nimekuja kuuliza ni mpaka lini."

"Mpaka Noeli. Kama wengine." Alifuta mikono kwenye suruali. "Mweleze mtoto mwenyewe, leo. Achague nani atasimama naye."

Lydia alipoelezwa hakulia. Alishika mchi akatwanga mahindi kwa nguvu mpaka nusu yakarukia nje ya kinu.

"Ungengoja siku tatu, mama."

"Ningengoja."

"Na ukaniambia ni vibuyu. Mimi nakusomea amri ya nane, wewe unatikisa kichwa."

"Nilitikisa."

"Kwa ajili ya Mzungu."

"Kwa ajili ya mtu anayekufa ambaye hakuna anayemwambia kweli. Nilidhani mimi ni mtu wa kusema kweli, ndiyo maana nilikubali. Halafu nikaja nyumbani nikakudanganya wewe." Nasieku aliokota punje chini moja moja. "Kasirika tu. Ila kesho tafuta mtu wa kusimama nawe."

Hakuhitaji kumtafuta. Habari ilikuwa imekwisha kushuka mtaroni pamoja na maji, na Jumamosi asubuhi Anande alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua, akajifunga khanga upya, akamtazama Nasieku kuanzia miguuni.

"Mama Lydia, kugusa ni kugusa."

"Ndivyo nilivyosema."

"Benchi lile lina msumari upande wa dirishani. Kaa upande wa ukutani. Mimi nililipasha moto miezi mitatu, sidhani kama limepoa." Kisha akamgeukia Lydia, sauti ikawa nyingine. "Mwanangu, kama hujapata mtu, mimi nitasimama. Sijagusa kitu tangu mwaka jana. Unuse kama hutaki kuniamini."

Lydia alimtazama mama yake. Nasieku alitaka kusema jambo kali, kwa mazoea tu, akalimeza.

"Asante, Anande," alisema.

Bwana Rankini alipopata habari alitaka kuja na gari kumweleza Mchungaji kwamba kosa ni lake. Nasieku alimkataza. "Ukija na gari lako itakuwa kesi ya Wazungu. Sasa hivi ni yetu. Wewe kaa, ule nyama, iko kwenye kabati. Haijaungua."

Jumapili alikaa upande wa ukutani. Kutoka pale aliona migongo tu: mgongo wa Lydia katika gauni jeupe, na mkono wa Anande begani kwake, mkono mpana wenye makovu ya panga. Lydia aliulizwa amri ya nane. Alijibu polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho wa maelezo, kila mtu akasikia hata kule nyuma. Watoto walipiga magoti. Kikombe kilipita. Nasieku alitazama mikono yake.

Watoto wote walirudi kwenye mabenchi ya mbele. Lydia hakurudi. Alipita mbele ya wenzake, akapita mabenchi ya kina mama waliogeuka kumtazama, akaja mpaka nyuma, akaketi kando ya mama yake upande wenye msumari. Alikuwa bado amebana midomo, kama mtu anayeogopa kitu kisimponyoke.

Nasieku aliinamisha kichwa karibu na kichwa cha binti.

"Ikoje?" alinong'ona.

Lydia alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Tamu kidogo," alisema. "Halafu inakausha ulimi. Halafu inabaki huku nyuma."

"Nyuma ya meno."

"Ndiyo. Nyuma ya meno."

Kwaya ilisimama. Kule mbele Anande aligeuka, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, kisha akageukia madhabahu. Lydia alisogea kuukwepa msumari, bega lake likagusa la mama yake, akaliacha hapo.